Pikapu ya Land Cruiser 70 kwa kazi ya asali porini: je, inastahili bei yake?

mrina_sikonge aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri kuhusu ununuzi wa gari la kikundi, kwa sababu jambo hili limetugawa na mkutano wetu wa mwisho ulivunjika bila uamuzi.

Sisi ni wafugaji wa nyuki wa Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora. Mizinga yetu imetundikwa ndani ya msitu wa miombo, na kambi ya mbali zaidi iko kilomita 18 kutoka barabara ya kijiji. Kutoka kambini hadi Tabora mjini ni kilomita 110 hivi kwa jumla, na sehemu kubwa ya hizo ni lami ambayo haina shida yoyote. Shida ni zile 18 za mwanzo. Kiangazi ni visiki, mchanga wa vijito vilivyokauka na mashimo ya muhanga. Mvua zikishaanza, sehemu mbili za njia hiyo hugeuka mbuga ya udongo mweusi unaong'ang'ania tairi mpaka gurudumu lisionekane.

Msimu wetu mkubwa wa kurina ni Mei hadi Julai, na mwaka ukiwa mzuri tunapata tani 12 hivi za asali. Msimu mdogo wa Novemba na Desemba hutupatia tani mbili au tatu. Hadi sasa tunakodi lori la Isuzu la tani tatu na nusu kwa shilingi 450,000 kwa safari moja, na mizinga tunaikagua kwa pikipiki. Kiangazi lori linaingia hadi kambini. Novemba mwenye lori hakubali hata kwa nyongeza ya fedha, na simlaumu, ila asali yetu ya msimu mdogo hubaki porini wiki kadhaa.

Kwa akiba yetu pamoja na mkopo wa SACCOS tunaweza kufikisha shilingi milioni 70. Baadhi ya wenzangu wanataka pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lile gari lisilo na anasa yoyote, ambalo kioo unazungusha kwa mkono na sakafu unaosha kwa ndoo ya maji. Wengine wanasema fedha hizo ni nyingi mno kwa gari la namna hiyo, na kwamba Suzuki Jimny au kuendelea kukodi kungetufaa zaidi. Je, gari hili kweli linastahili bei yake, au tunavutiwa na jina tu?

fundi_diseli aliandika:

Ndugu mrina, nimefanya kazi ya injini za diseli kwa miaka mingi hapa Tabora, na nitajibu upande ninaoufahamu, yaani ufundi. Suala la fedha nawaachia wenye kalamu.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na hadi leo hazijaachwa. Pikapu mnayoizungumzia, yenye namba ya modeli HZJ79, ilichukua nafasi ya HZJ75 mwaka 1999. Injini yake ya 1HZ ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya diseli inafanya kazi kwa nguvu za mitambo bila kuongozwa na kompyuta. Nguvu zake hazifiki farasi 135, kiasi ambacho magari mengi madogo ya siku hizi yanakizidi bila taabu. Mtu anayetazama namba hiyo peke yake ataona ni gari dhaifu kwa bei yake. Lakini injini hiyo inavuta mzigo kuanzia mizunguko ya chini kabisa, jambo ambalo ndilo unalolihitaji unapopanda ukingo wa kijito ukiwa na ndoo za asali nyuma.

Sababu kubwa inayofanya gari hili lipendwe porini ni kwamba linaharibika kwa namna ambayo fundi wa kawaida anaweza kuielewa. Diseli ikiwa na maji, au ikiwa imechotwa kwenye pipa lenye kutu, pampu ya 1HZ itasumbua, lakini nitaifungua, nitabadilisha sili na nozeli, na gari litaondoka. Injini mpya za turbo zinazosukuma diseli kwa mgandamizo mkubwa sana hazivumilii uchafu wa namna hiyo. Nozeli zake zikifa, fundi wa mkoani mara nyingi hana mashine ya kuzipimia, na mwenye gari hupewa bei inayomfanya akae chini. Ekseli zote mbili ni za chuma kizima, chesesi ni ya ngazi, na spea zake ziko Tabora, Mwanza na hata kwenye maduka madogo ya wilayani, kwa kuwa serikali, hospitali za misheni na miradi imetumia magari haya tangu zamani.

Hata hivyo msidhani kwamba chuma hiki hakifi. Mkanda wa taimingi unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na asiyefanya hivyo ipo siku mkanda utakatika, valvu zitagongana na pistoni, na injini nzima itashuka. Rejeta ikiziba na injini ikapata joto kupita kiasi, silinda hedi hupasuka. Na mafuta: mkipakia na kutembea porini, msitegemee zaidi ya kilomita 7 kwa lita moja.

Kwa kazi mliyoieleza, mimi ningelinunua. Lakini mkiona bei inawalemea, fikirieni pia Hilux ya zamani ya injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si ujazo wa lita). Nayo haina turbo, ni nyepesi, na mafundi wanaoijua ni wengi zaidi.

mizania aliandika:

Nimekuwa mhasibu wa vyama vya ushirika kwa muda mrefu, na ninaomba tuweke namba mezani kabla ya kuendelea kulisifia gari.

Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa sababu lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4. Watu wengi hukosea hapa kwa kuhesabu ndoo kana kwamba ina maji. Tani 12 ni sawa na ndoo 430 kwa makadirio. Pikapu ya HZJ79 hubeba tani moja hivi, lakini ukimwondoa dereva, warina wawili, vifaa vya kujikwamua, maji ya kunywa na tairi la akiba la pili, usitegemee kupakia asali zaidi ya kilo 700, yaani ndoo 25. Hivyo msimu mkubwa utahitaji safari 17 hivi. Lori la tani tatu na nusu litazimaliza ndoo zote hizo kwa safari nne, ambazo mnalipia shilingi 1,800,000.

Sasa linganisheni. Safari 17 za kilomita 220 kwenda na kurudi, kwa kilomita 7 kwa lita, ni zaidi ya lita 530 za diseli. Zidisheni kwa bei ya mwezi huu ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ongezeni posho ya dereva, matairi, oili, bima na matengenezo, nanyi mtaona kuwa kwa msimu mkubwa pikapu yenu wenyewe ni ghali kuliko lori la kukodi, hata kabla hamjarudisha shilingi moja ya mkopo. Anayewaambia kwamba mtanunua gari ili muepuke gharama za kukodi hajakaa akapiga hesabu.

Kwa hiyo hoja pekee inayoweza kulitetea gari hili ni msimu mdogo, pamoja na kazi ambazo lori na pikipiki haziwezi. Naomba mtujibu swali moja: katika zile tani mbili au tatu za Novemba na Desemba, ni kiasi gani hupotea au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kuchelewa kutoka porini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua.

Naongeza tahadhari moja. Nimeona vikundi vikijipa moyo kwamba gari litajilipa kwa kubeba mizigo ya watu wengine. Gari la mizigo linalofanya kazi ya malipo linahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na gari linalokodishwa kwa kila mtu huchakaa mara mbili wakati mwenye uchungu nalo hayupo.

mkulima_wa_viazi aliandika:

Mbona hakuna aliyetaja kirikuu? Huku kwetu Njombe tunatumia Suzuki Carry zenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, na zinatoka shambani na magunia ya viazi katika njia ambazo watu wasiozijua wangezikataa. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 660 tu, inakula petroli kidogo sana, na kwa milioni 70 mnaweza kununua zaidi ya moja na chenji ikabaki. Ikikwama, watu wanne wanainyanyua na kuiweka pembeni.

jimny_arusha aliandika:

Kwa kuwa Jimny imetajwa kwenye swali, niseme ninachokijua kama mmiliki. Toleo lililotoka mwaka 2018 lina injini ya petroli ya lita 1.5, gia za nguvu za kutembea polepole, chesesi ya ngazi na ekseli za chuma kizima mbele na nyuma, yaani limejengwa kwa fikra ileile ya Land Cruiser isipokuwa kwa umbo dogo. Uzito wake ni kilo 1,100 hivi, na wepesi huo ndio silaha yake kwenye tope: linapita juu ya mahali ambapo gari zito lingezama.

Lakini siwezi kumshauri mrina alinunue kwa kazi hii. Uwezo wake wa kubeba ni kilo mia tatu na kidogo, na humo dereva na abiria wamo. Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, nafasi ya mizigo ni lita 85 tu. Watu wawili wakishakaa mbele, ndoo zitakazobaki kwa uzito halali hazifiki saba. Nalipenda sana gari langu, ila ni gari la kumfikisha mtu na begi lake mahali pagumu, na nyinyi mnachohitaji kukifikisha ni asali.

dereva_wa_pori aliandika:

Nimeendesha magari ya miradi ya uhifadhi katika Katavi na Rungwa, na nyingi ya siku hizo nilikuwa nyuma ya usukani wa HZJ79 au kaka yake HZJ78, lile refu lenye matangi mawili ya lita 90. Naomba niseme mambo ambayo fundi hakuyagusa.

Kwanza, kuhusu kirikuu. Ndugu wa Njombe anasema kweli kuhusu mashamba yao, lakini gari lile limeundwa kubeba kilo 350 na tumbo lake liko karibu na ardhi. Katika msitu wa miombo adui mkubwa wa gari ni kisiki kilichokatwa kwa shoka na kuachwa na ncha kali, kikafunikwa na nyasi. Kirikuu kitapasuliwa sampu ya oili kabla hakijafika kambini. Land Cruiser imeinuka, na sehemu zake za chini ni nene.

Pili, msiamini kwamba magurudumu manne yakivuta basi mbuga imekwisha. HZJ79 ikiwa tupu ina uzito wa tani mbili hivi. Kama haina kufuli la difu, yaani kifaa kinacholazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakianza kuteleza kwa pamoja, gari limesimama, na kila unapokanyaga mafuta ndipo unapochimba kaburi lake. Kinachovusha gari kwenye mbuga ni uamuzi unaofanywa kabla ya kuingia. Nilikuwa nashuka na kutembea njia yote kwa miguu nikiwa na fimbo, na mahali ambapo fimbo ilizama nusu mkono, tulitafuta njia ya pembeni au tulisubiri. Udongo mweusi ukipigwa na jua tangu asubuhi, kufikia alasiri mara nyingi hushika ganda linaloweza kubeba gari. Dereva asiyeweza kusubiri hayo masaa machache atakaa hapo siku mbili. Kwenye mchanga wa vijito, kinyume chake, usisite: punguza upepo wa matairi hadi kati ya PSI 18 na 20, ingia na gia ya pili katika gia za nguvu, usibadilishe gia katikati na usikate kona kali. Na kumbukeni pampu ya kurudishia upepo, kwa sababu kukimbia kwenye lami na tairi laini ni hatari.

Tatu, na hili naliomba lichukuliwe kwa uzito wake, lami. Nyingi ya pikapu hizi za zamani zilizoletwa kwetu hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS. Sehemu ya nyuma ikiwa tupu hurukaruka, na ikiwa na mzigo mrefu gari linataka kulala kwenye kona. Nimesaidia kuwatoa watu katika gari la namna hii lililopinduka kwenye barabara iliyonyooka kabisa, mchana, kwa sababu ya mwendo tu. Wekeni sheria ya kikundi kwamba gari halizidi kilomita 80 kwa saa na kwamba hakuna mtu anayepanda juu ya ndoo nyuma, hata kama ni mwenyekiti na hata kama mvua inanyesha. Kama hamwezi kuisimamia sheria hiyo, ni afadhali mwendelee kukodi lori.

Kwa maoni yangu gari linastahili kununuliwa endapo kuna dereva mmoja anayejulikana, anayelipwa, na ambaye ndiye anayeulizwa likivunjika. Gari la kikundi linaloendeshwa na kila mwenye leseni halimalizi miaka mitatu.

mrina_sikonge aliandika:

Nawashukuru kwa dhati. Nimesoma majibu yote pamoja na mweka hazina wetu, na ninaomba kumjibu ndugu mizania.

Asali ya msimu mdogo haipotei yote. Takriban nusu yake hukaa kambini hadi njia ikauke kidogo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu sehemu ya asali hiyo bado ni masega na unyevu wa msituni wakati wa mvua ni mwingi. Asali huvuta maji hewani. Ikivuka asilimia 20 ya maji huanza kuchacha, na mnunuzi mwenye kipimo huikataa papo hapo. Msimu uliopita ndoo nyingi zilikataliwa, tukaziuza kwa watengenezaji wa pombe kwa bei ambayo sipendi kuitaja.

Kuna pia kazi ambazo sikuzieleza. Tunataka kuongeza mizinga ya kisasa ya mbao, ambayo ni mizito kuliko ya magome na haipakiwi kwenye pikipiki zaidi ya miwili. Moto wa msituni ukizuka Agosti na Septemba tunahitaji kupeleka watu na maji haraka. Na mwaka jana mwenzetu aliumwa na nyoka akiwa kambi ya mbali, akatolewa kwa pikipiki akiwa amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini tangu siku hiyo mimi siwezi kulipima gari hili kwa ndoo za asali peke yake.

Tumeonyeshwa magari mawili. La kwanza ni HZJ79 ya mwaka 2009, lina namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, na lilikuwa la mradi uliokwisha. Wanataka milioni 62. La pili liko kwa muuzaji wa magari ya kutoka Japani, ni pikapu ya kabini mbili ya mwaka 2015, linang'aa kama jipya, lakini bei yake imevuka bajeti yetu na wanasema tunaweza kulipa kidogo kidogo. Vijana wengi wanalitaka hilo la pili.

wakala_bandarini aliandika:

Ndugu mrina, nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na ninaona ni wajibu wangu kuwaeleza jambo kuhusu kila moja ya magari hayo.

Tuanze na la pili. Japani iliacha kuuza mfululizo wa 70 katika soko lake la ndani mwaka 2004. Mwaka 2014 ilizirudisha kwa muda mfupi, kwa kuadhimisha miaka 30, na hizo za maadhimisho zilikuwa na injini ya petroli ya V6 ya lita 4.0. Kwa hiyo pikapu ya mwaka 2015 iliyotumika Japani karibu kwa hakika ni ya petroli. Ni injini nzuri na yenye nguvu, lakini siyo 1HZ mliyokuwa mkiizungumza, na unywaji wake wa mafuta mkiwa mmepakia porini utawashangaza. Fungueni boneti kabla ya kuangalia rangi. Zile za 1HZ zenye umri mdogo hazitoki katika soko la ndani la Japani. Ni zile zilizouzwa mpya kwa ajili ya Afrika na nchi nyingine za namna hiyo, ambazo wanunuzi wake wakubwa walikuwa serikali, Umoja wa Mataifa na mashirika.

Sasa la kwanza. Gari lenye namba za DFP kwa kawaida liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kwa sababu lilikuwa la mradi wa wafadhili. Msamaha huo ni wa mradi, na haumfuati mnunuzi. Likiuzwa kwa mtu au kikundi kisicho na msamaha, kodi zinapaswa kulipwa TRA ndipo umiliki uhamishwe na namba zibadilishwe. Hivyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: milioni 62 hizo ni kabla au baada ya kodi? Kama ni kabla, bajeti yenu inaweza isitoshe. Msitoe hata malipo ya awali kabla hamjaona barua ya mradi inayoruhusu mauzo na hesabu ya kodi kutoka TRA yenyewe, maana mtu wa kati atawaambia kiasi chochote kinachomfaa. Nimewahi kuona gari zuri kabisa likiegeshwa miezi mingi kwenye uwanja wa mnunuzi kwa sababu alilipa kwanza akauliza baadaye.

mizania aliandika:

Maelezo ya mrina yamebadilisha hesabu yangu kwa sehemu. Tani moja au tani moja na nusu ya asali inayouzwa kwa watengenezaji wa pombe kila mwaka ni hasara ya kweli, na kwa ndoo 25 kwa safari, pikapu ingeitoa yote kwa safari mbili au tatu kabla haijachacha. Kumtoa mgonjwa porini sitathubutu kukuwekea bei.

Bado ninashikilia mambo mawili. Msimu mkubwa endeleeni kukodi lori hata mkiwa na gari lenu, na pikapu ibaki kwa kazi ambazo lori haliwezi. Mkifanya hivyo kilomita zake kwa mwaka zitakuwa chache na litadumu. Pia, kabla ya kukopa SACCOS, kodini HZJ79 kwa wiki mbili Novemba hii. Mtajua kama inavuka mbuga zenu mbili ikiwa imebeba kilo 700, na mtajua kwa gharama ndogo. Gari ambalo halikuweza kuvuka mkiwa mmelikodi halitaweza kwa sababu kadi imeandikwa jina la kikundi.

Kuhusu kulipia gari la pili kidogo kidogo, naomba msifanye hivyo. Mapato yenu huingia mara mbili kwa mwaka, na muuzaji atataka malipo ya kila mwezi.

mrina_sikonge aliandika:

Wazo la kukodi Novemba tumelikubali, na nimeshampata mwenye gari mjini Tabora ambaye yuko tayari, kwa sharti kwamba dereva wake ndiye aendeshe. Gari la kabini mbili tumeliacha. Kuhusu lile la DFP, muuzaji amekiri kwamba bei ni kabla ya kodi, na tumemwambia alete hesabu ya TRA ndipo tuzungumze upya. Ikiwa ataileta, tunataka kwenda kulikagua. Ndugu fundi, tutazame nini, na je, utakubali kufuatana nasi?

fundi_diseli aliandika:

Nitakwenda nanyi, nipeni taarifa siku mbili kabla. Mwambieni muuzaji asiwashe injini asubuhi hiyo mpaka sisi tufike, kwa sababu ninataka kuisikia ikiwaka ikiwa baridi. Akiwa ameshaipasha moto tutaahirisha kwa siku nyingine.

Mimi nitaanza mbele, kwenye zile tufe za chuma ndani ya magurudumu. Kama grisi imechanganyika na oili ya difu na inachuruzika kama uji mweusi, sili zimekufa na huenda beringi nazo. Kisha nitaingia chini na kupitisha mkono kwenye chesesi nyuma ya kabini, mahali ambapo pikapu hizi hupata ufa au kupinda zikiwa zimebebeshwa kupita kiasi. Rangi mpya au alama ya kuchomelea mahali hapo itanitosha kusema tuondoke. Tutaomba kumbukumbu za mkanda wa taimingi. Kama hazipo, tuhesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake itolewe kwenye bei. Nitafungua mfuniko wa rejeta kuona kama kuna oili kwenye maji, na nitatazama moshi: mweusi kidogo wakati wa kupanda kilima si tatizo, mweupe usioisha baada ya injini kupata moto ni tatizo.

Mwisho tutafunga habu za mbele ili magurudumu ya mbele nayo yavute, tutaingiza gia za nguvu na kulitembeza mahali penye mchanga, kwa sababu magari mengi ya miradi yalikaa kwenye lami ya mjini maisha yao yote na gia hizo hazijaguswa tangu dukani. Dereva wa pori akiwa karibu ningefurahi afike naye. Njooni na tochi yenye mwanga mkali, na mtu wa kushika fedha abaki nyumbani siku hiyo.